Namna ya kuingia kwenye bajeti ya kaunti kabla haijafungwa, hasa sisi wa Amu

Kila mwaka ikifika mwezi wa sita naona ndugu zangu wa Amu, yaani Lamu huku pwani ya Kenya, wamekaa barazani wanalalamika, gati haikutengenezwa, zahanati haina dawa, na malalamiko ni ya haki kabisa, lakini mwezi wa sita maji yashamwagika. Bajeti inapikwa mwaka mzima na sisi tunaitwa sahani zishapangwa. Kwa hivyo nimeona niandike vile mambo yanavyokwenda, mwenye kusoma amsomee na mzee wake.

Kwanza ujue mlango ni wa nani. Katiba ya 2010 imegawa kazi, kaunti ina zahanati na hospitali za kaunti, chekechea, masoko, taka, barabara za kaunti, uvuvi, na sisi watu wa visiwani hili tulishike sana, vivuko na magati. Polisi, shule za msingi na sekondari, hatimiliki za ardhi, hizo ni za serikali kuu. Nimeshuhudia kikao cha bajeti watu wanamaliza saa nzima wakimuuliza afisa wa kaunti habari ya hatimiliki, naye anaitikia tu kwa kichwa manake hana la kufanya, na muda wa kuzungumzia gati ukapita hivyo hivyo.

Sasa kalenda, na hapa ndipo wengi tunapopotelea. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai. Lakini kufikia 1 Septemba ya mwaka uliotangulia, yaani miezi kumi nzima kabla, mpango wa maendeleo wa mwaka unaoitwa ADP unatakiwa uwe ushafika bunge la kaunti, na mradi ambao haumo humo kuuingiza baadaye ni kazi ya punda. Kufikia 28 Februari inapelekwa CFSP, waraka wa mkakati wa fedha wa kaunti, hiyo ndo inawekea kila idara kiwango chake cha pesa, afya isizidi hapa, uvuvi usizidi hapa. Kufikia 30 Aprili makadirio yenyewe yanafika bungeni na kufikia 30 Juni yawe yashapitishwa. Kwa hivyo ukitaka gati, mwezi wa nane uwe ushaandika, na ukitaka idara iongezewe pesa basi ni Januari na Februari, ukija mwezi wa tano unabakia kugombania vijisenti vya kuhamisha hapa na pale. Na juu ya yote hayo kuna CIDP, mpango wa miaka mitano, huu wa sasa ni 2023 hadi 2027, ukiandikwa mwengine usikubali kijiji chako kikosekane.

Halafu pata karatasi mapema. Hili lina kisa. Nilikaa kikao kimoja, cha wapi sisemi, kitabu cha makadirio kilikuwa kimoja tu juu ya meza, kinene kama tofali, Kizungu kitupu, na ukumbini tulikuwa zaidi ya watu sitini. Mama mmoja mbele yangu alikifungua, akatazama ukurasa, akakifunga akampa mwenzake, na mwenzake vivyo hivyo, kikazunguka ukumbi mzima kikarudi mezani hakuna aliyesoma hata mstari mmoja. Ikaja chai na mahamri, tukaandika majina na namba za vitambulisho tukaenda zetu. Ile orodha ya majina ndo ushahidi kwamba wananchi wameshirikishwa. Iliniuma, na mpaka leo inaniuma.

Dawa yake ni Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Unaandika barua, kwa Kiswahili chako, sheria inaruhusu, na asiyejua kuandika anasema kwa mdomo na afisa analazimika kumuandikia. Huna haja ya kueleza unaitakia nini. Wana siku 21 za kukujibu, na kuomba ni bure, unalipia kurudufisha tu. Mkikataliwa au mkinyamaziwa kuna Tume ya Haki ya Utawala, unapeleka malalamiko huko. Mimi hupendelea kuomba faili ya pdf, inaingia WhatsApp ya mtaa na kila mtu anayo.

Usisome kitabu chote utachoka bure. Tafuta jina la wodi yako kwenye simu, na uandike kama wao wanavyoandika, mfano sisi twaandika Shela lakini wodi kwenye makaratasi ni Shella, ukitafuta kwa l moja utadhani hamkupangiwa kitu. Angalia mradi una jina la mahali au umeandikwa tu "ukarabati wa magati", manake mradi usio na mahali unaweza kuhamia popote. Angalia pia maendeleo yamepewa kiasi gani, sheria ya fedha za umma ya 2012 inataka isipungue asilimia 30, hiyo nyengine ndo mishahara na matumizi ya kila siku.

Sasa andika. Ukurasa mmoja unatosha, na usiandike "tunaomba maendeleo", hilo halimbani mtu. Andika hivi: Sisi wakaazi wa kijiji fulani tumesoma makadirio, ukurasa wa 74, ukarabati wa magati. Kijiji chetu hakikutajwa. Maji yakipwa boti haifiki ngazini, wagonjwa na waja wazito hubebwa mgongoni kwenye tope la magoti. Tunaomba gati yetu iandikwe kwa jina na kiasi chake. Weka saini, kina mama waweke zao, kisha toa nakala mbili, moja kwa karani wa bunge la kaunti na ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa na urudi nayo nyumbani. Huo muhuri usiuache hata ukiambiwa anayeugonga ameenda kuswali, ngojea.

Kwa nini nasisitiza karatasi? Hapa hapa kwetu imeshaonekana faida yake. Wavuvi na wenzao walikwenda Mahakama Kuu mwaka 2012 kuhusu bandari ya Lamu, ile ya mradi wa LAPSSET, na 30 Aprili 2018 mahakama ikasema watu hawakushirikishwa inavyopaswa wala hawakupewa habari, ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Malipo yenyewe ni habari nyengine ndefu, lakini hukumu ilitoka. Mwaka uliofuata, 26 Juni 2019, Mahakama Maalum ya Mazingira ikafuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe pale Kwasasi, kaunti yetu hii hii, na moja ya sababu kubwa ni hiyo hiyo, ushirikishwaji haukuwa wa kweli. Na mwaka 2014 sheria nzima ya fedha ya kaunti ya Kiambu ilibatilishwa kwa sababu hiyo.

Siku ya kikao mkae pamoja, asemaye awe mmoja au wawili, ataje ukurasa, kisha amuulize mwandishi wa kumbukumbu "umeandika nini?" asome kwa sauti. Piga picha ya ratiba na ya orodha ya waliohudhuria. Kina mama waliotaja tope wapewe nafasi ya kwanza, wao ndo wanaolivuka.

Bajeti ikishapita kazi haijaisha. Msimamizi wa Bajeti hutoa ripoti kila miezi mitatu kuonyesha kila kaunti imetumia kiasi gani, ishusheni, tazameni idara yenu imetumia ngapi kati ya ilizopewa. Kama gati imeandikwa na miezi tisa imepita hakuna hata mfuko wa simiti, pigeni picha pale ngazini maji yakiwa yamepwa, tarehe ionekane, muambatanishe na ile nakala yenye muhuri mpeleke ombi rasmi bunge la kaunti, Kifungu cha 37 cha Katiba kinawapa haki hiyo, na nakala nyengine mumkabidhi MCA wenu, yaani mwakilishi wa wodi, mkononi mbele ya watu.