Kinga ya Afya ya Mbwa wa Nyumbani: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Mbwa wengi wanaoletwa kwangu wakiwa hawajiwezi huwa wanaugua maradhi ambayo kinga yake inajulikana na inapatikana: parvo (ugonjwa wa kirusi unaoleta kutapika na kuharisha damu), distempa (ugonjwa wa kirusi unaoshambulia mapafu, tumbo na mishipa ya fahamu), maradhi yanayoenezwa na kupe, upungufu wa damu unaoletwa na minyoo. Wenye mbwa hao si watu wasiojali. Mara nyingi chanjo ilianzwa lakini ikakatishwa mapema. Dawa ya minyoo ilinunuliwa lakini kipimo hakikulingana na uzito wa mbwa. Kupe waliondolewa mwilini lakini nyumba ikaachwa vilevile. Ndiyo maana katika mwongozo huu natilia mkazo wakati na mpangilio wa kila kinga, pamoja na sababu yake, kwa kuwa anayeijua sababu hawi mwepesi wa kuruka hatua.

Hatua ya 1: Ijue hali ya kawaida ya mbwa wako

Tenga dakika chache kila wiki umkague mbwa akiwa ametulia, na uandike unachokiona katika daftari. Anza na mdomo. Inua mdomo wa juu, tafuta ufizi ulio juu ya chonge, ubonyeze kwa kidole gumba mpaka uwe mweupe, kisha uachie: rangi yake inapaswa kurudi ndani ya sekunde 2. Ufizi wa mbwa mwenye afya huwa wa waridi na wenye unyevu. Baadhi ya mbwa wana ufizi mweusi kwa asili, na kwa hao utatazama upande wa ndani wa kope la chini. Ufizi uliopauka ni jambo la kumwona daktari siku hiyohiyo.

Hesabu pumzi zake akiwa usingizini. Mbwa mwenye afya hapumui zaidi ya mara 30 kwa dakika katika hali hiyo, na idadi inayopanda siku baada ya siku yaweza kuwa dalili ya mapema ya ugonjwa wa moyo au wa mapafu. Joto lake la kawaida, likipimwa kwa kipimajoto kilichopakwa mafuta na kuingizwa taratibu katika njia ya haja kubwa, ni kati ya nyuzi 38.3 na 39.2 za Selsiasi, kwa hiyo kiwango ambacho kwa binadamu tungekiita homa kwa mbwa ni salama. Pua kuwa kavu au ya moto haimaanishi kitu. Naomba sana usiitumie kama kipimo.

Malizia kwa kumpapasa mwili mzima kuanzia kichwani hadi mkiani, ukitafuta uvimbe, kidonda, au mahali anapojikunyata ukimgusa. Nusa masikio yake, kwani harufu mbaya humaanisha maambukizi hata kabla usaha haujaonekana. Mbwa ana tabia ya kuficha maumivu, na mkono uliozoea mwili wake hugundua mabadiliko mapema kuliko mimi ninayemwona mara moja kwa mwaka.

Hatua ya 2: Kamilisha mfululizo wa chanjo

Hapa ndipo makosa mengi hutokea. Mtoto wa mbwa hupata kingamwili kutoka kwa mama yake, hasa kupitia dang'a, yaani maziwa ya kwanza yanayotoka saa chache baada ya kuzaa. Kingamwili hizo humlinda katika wiki za mwanzo, lakini pia huizuia chanjo isifanye kazi, kwa sababu huishambulia kabla mwili wa mtoto haujapata nafasi ya kujifunza kuutambua ugonjwa. Hupungua polepole, kwa kasi inayotofautiana hata kati ya watoto wa uzao mmoja, na hakuna awezaye kujua kwa kumtazama tu mbwa ni lini zimekwisha. Kwa hiyo chanjo ya distempa, parvo na homa ya ini ya kuambukiza huanza akiwa na wiki 6 hadi 8, na hurudiwa kila baada ya wiki 2 hadi 4 mpaka afikishe wiki 16 au kuzidi kidogo.

Dozi ya mwisho, ile ya wiki 16, ndiyo ninayoisisitiza kuliko zote. Kuna watoto ambao dozi zote zilizotangulia hazikuwashika kabisa kwa sababu ya kingamwili za mama, na mwenye mbwa anayeacha baada ya dozi mbili akiamini kwamba mbwa wake amekingwa anaweza kuwa na mbwa asiye na kinga yoyote. Baada ya hapo hupewa dozi nyingine akiwa na miezi 6 hadi mwaka mmoja, kisha chanjo hizi tatu za msingi huwa zinatosha zikirudiwa kila baada ya miaka 3. Chanjo ya leptospirosisi, ugonjwa wa bakteria unaoenezwa na mkojo wa wanyama kama panya, ni tofauti: huanza kwa dozi mbili zinazopishana kwa wiki 2 hadi 4, na kinga yake ni ya muda mfupi, hivyo ni lazima irudiwe kila mwaka.

Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa kuanzia wiki 12, hurudiwa baada ya mwaka mmoja, kisha kila mwaka au kila miaka 3 kulingana na aina ya chanjo na sheria ya mahali ulipo. Usiichukulie kama hiari. Ugonjwa huu, dalili zake zikishajitokeza, huua karibu kila anayeupata, awe mnyama au mtu, na hadi asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutokana na mbwa. Mtu akiumwa au kukwaruzwa na mbwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo bila kusubiri kuona mbwa huyo atakuwaje.

Mambo mawili uyaangalie siku ya chanjo. Kwanza, chanjo huhifadhiwa katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na iliyokaa kwenye joto ni maji tu. Nunua huduma mahali unapoona chupa ikitolewa kwenye jokofu. Pili, mbwa mwenye homa, anayeharisha au aliyedhoofika asichanjwe mpaka apone. Hadi mfululizo ukamilike, usimpeleke mtoto wa mbwa mahali wanapopita mbwa usiowajua, kwa kuwa kirusi cha parvo huweza kukaa kwenye udongo kwa miezi mingi. Hata hivyo usimfungie ndani asione kitu: mbebe mikononi atembee nawe, akutanishwe na mbwa wazima waliochanjwa, maana wiki hizo ndizo anazojifunza kutoogopa watu na sauti.

Hatua ya 3: Dawa ya minyoo kwa ratiba na kwa uzito

Watoto wa mbwa huzaliwa wakiwa na minyoo duara, kwa sababu viluwiluwi vya minyoo hiyo hujificha katika misuli ya mama na kuamka akiwa na mimba, vikapita kwenye kondo la nyuma na baadaye kwenye maziwa. Minyoo ya safura nayo hupita kwenye maziwa, tena hunyonya damu kiasi cha kuweza kumuua mtoto mdogo. Ndiyo maana dawa huanza mapema mno: akiwa na wiki 2, kisha kila wiki 2 mpaka wiki 8, kisha kila mwezi hadi miezi 6. Mama anayenyonyesha apewe dawa pamoja na watoto wake. Mbwa mzima apewe angalau kila miezi 3, au apimwe kinyesi kwa hadubini kila baada ya muda huo na kutibiwa kulingana na majibu.

Mpime uzito kila mara kabla ya kumpa dawa, maana mtoto wa mbwa huongezeka uzito haraka na kipimo cha mwezi uliopita hakimtoshi. Fahamu pia kwamba dawa moja haiui minyoo yote. Piranteli huondoa minyoo duara na safura, lakini haigusi tegu, ambao huhitaji prazikwanteli. Ukiona karibu na mkia vipande vidogo vyeupe vinavyofanana na punje za mchele, huyo ni tegu, na mara nyingi mbwa amempata kwa kumeza kiroboto. Bila kuondoa viroboto, tegu atarudi. Usimpe kamwe viungo vya ndani vibichi vya kondoo, mbuzi au ng'ombe, kwa kuwa humo hukaa malengelenge ya tegu mwingine anayeweza kumsababishia binadamu uvimbe hatari kwenye ini na mapafu.

Ondoa kinyesi kila siku. Mayai ya minyoo duara yanapotoka hayawezi kuambukiza papo hapo. Huhitaji wiki kadhaa kukomaa ardhini, na ufagio wa kila siku huyawahi. Kwa nyumba yenye watoto wanaocheza chini, kazi hii ina uzito uleule wa dawa.

Hatua ya 4: Kupe na viroboto, mwilini na nyumbani

Mkague mbwa kila siku ndani ya masikio, chini ya ukosi, kwapani, katikati ya vidole na chini ya mkia. Ukimkuta kupe, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi na umvute moja kwa moja kwa nguvu ya wastani isiyobadilika. Usimchome kwa moto wala kumpaka mafuta ya taa, kwa kuwa usumbufu huo huweza kumfanya atapikie jeraha na kuingiza vijidudu. Mbwa aliyekuwa na kupe akipata homa, akatokwa damu puani, akapauka ufizi au kukojoa mkojo mweusi, apimwe damu bila kukawia.

Viroboto wazima unaowaona mwilini ni sehemu ndogo ya walio nyumbani. Mayai, viluwiluwi na vifukofuko viko kwenye mazulia, nyufa na matandiko. Fua matandiko ya mbwa kwa maji ya moto kila wiki, na uendelee na dawa ya viroboto kwa miezi kadhaa mfululizo, kwa mbwa wote wa nyumba kwa pamoja. Kupe wa kahawia wa mbwa naye huweza kumaliza maisha yake yote ndani ya nyumba akitagia kwenye nyufa za ukuta, kwa hiyo ziba nyufa hizo.

Soma lebo ya kila dawa. Dawa zenye permetrini (kiua wadudu) zilizotengenezwa kwa mbwa huua paka, hata paka anayelala tu pamoja na mbwa aliyepakwa. Dawa za sindano za mifugo zenye ivamektini usizitumie kwa makisio, kwani mbwa wa aina ya kolli na jamaa zake wengi huzidiwa na kipimo ambacho mbwa wengine wanakivumilia. Penye ugonjwa wa minyoo ya moyo unaoenezwa na mbu, mbwa mzima apimwe damu kabla ya kuanza kinga ya kila mwezi.

Hatua ya 5: Uzito, meno na vyakula vya kuepuka

Ukipitisha viganja ubavuni unapaswa kuzihisi mbavu bila kubonyeza kwa nguvu, na ukimtazama kutoka juu uione kiuno. Mbwa mzima ana meno 42. Yasugue kila siku kwa dawa ya meno ya mbwa, kwa kuwa ya watu ina floridi na wakati mwingine zailitoli (kitamutamu kinachotumika badala ya sukari), ambayo ni sumu kali kwake. Chokoleti, zabibu, vitunguu na mifupa iliyopikwa visimfikie. Paracetamoli na ibuprofeni usimpe kwa uamuzi wako mwenyewe.

Hatua ya 6: Amua mapema kuhusu kuhasi

Mbwa jike aliyetolewa kizazi hawezi kupata usaha wa mfuko wa uzazi, ugonjwa unaojitokeza wiki chache baada ya joto, yaani kipindi anachokuwa tayari kupandwa, na unaoua usipofanyiwa upasuaji haraka. Akihasiwa kabla ya joto la kwanza, hatari ya saratani ya matiti hupungua. Kwa mbwa wa maumbo makubwa, hata hivyo, napendelea tusubiri mifupa ikomae, na hili ni la kujadiliana na daktari wako kwa mbwa mmoja mmoja.

Hatua ya 7: Ziara za daktari na dharura

Mbwa mzima apelekwe mara moja kwa mwaka hata akiwa buheri wa afya, na aliyezeeka kila miezi 6. Nenda na kadi ya chanjo na daftari lako. Usisubiri miadi ikiwa tumbo limevimba ghafla na anajaribu kutapika bila kutoa kitu, anapumua kwa shida, anashindwa kukojoa, amekula sumu, au ni mtoto anayeharisha damu. Usimtapishe kwa chumvi. Piga simu kabla ya kufika, chukua pakiti ya alichokula, na kama unashuku parvo subiri naye nje hadi uelekezwe pa kuingilia, asije akakanyaga sakafu wanapokaa watoto wa mbwa wanaongoja chanjo.