Somo: Tembea kutoka Jua hadi Pluto, ukianzia stesheni ya Kigoma

Chati ya darasani niliyosomea mimi ilikuwa na sayari zimebanana kama dagaa kwenye kichanja. Nilikua nikiamini hivyo. Dawa yake ni miguu.

Tafuta chungwa kubwa la upana wa sentimita 9 hivi, harage, njegere, choroko mbili, unga wa muhogo kidogo.

Hatua ya 1. Weka chungwa nje ya stesheni. Hilo ndilo Jua. Kila mita 10, yaani hatua 10 ndefu, ni kilomita milioni 150, umbali wetu na Jua.

Hatua ya 2. Mita 4 Zebaki, 7 Zuhura, 10 Dunia, 15 Mirihi. Zote chembe za mchanga. Mwezi uko sentimita 2 na nusu tu kutoka Dunia, na binadamu hajawahi kwenda mbali sana kuliko hapo.

Hatua ya 3. Mita 52 weka harage: Mshtarii. Mita 95 njegere: Zohali. Choroko ya kwanza, Uranusi, mita 192. Ya pili, Neptuni, mita 300. Hapa ndipo watu huanza kuulizia soda. Geuka utafute chungwa lako. Kutoka choroko hadi choroko umepita mita zaidi ya 100 bila kukuta sayari.

Hatua ya 4. Kati ya mita 300 na 500 ni Ukanda wa Kuiper, mkanda wa vipande vya barafu vinavyolizunguka Jua. Pluto ni punje ya unga. Wastani wake mita 395, ingawa kuna miaka huingia ndani ya njia ya Neptuni. Eris, sayari kibete inayokaribiana na Pluto kwa ukubwa, iko karibu na mita 960. Kugunduliwa kwake mwaka 2005 ndiko kulikomponza Pluto, akavuliwa cheo cha usayari 2006.

Hatua ya 5. Ita bodaboda. Sedna, gimba jingine dogo la barafu, hulikaribia Jua hadi mita 760, kisha huenda kilomita 9 hivi, upande wa Ujiji huko. Mzunguko mmoja, miaka kama 11,000.

Hatua ya 6. Sasa kata tiketi. Wingu la Oort, wanakokadiria zinatoka nyotamkia za mizunguko mirefu, huanzia kilomita 20 hivi na huenda likafika 1,000. Kwa reli umepita Tabora, umepita Dodoma, unaikaribia Morogoro.

MASWALI YA WANACHAMA

– Shikamoo mwalimu. Kitabu cha mwanangu kinaiita Pluto Utaridi. Nani kakosea?
– Marahaba mama. Majina yamevurugana muda mrefu. Kwa wengine Utaridi ni ile iliyo jirani na Jua, niliyoiita Zebaki. Mwambie ajibu mtihani kwa jina la kitabu chake, ila umbali aukariri.

– Kaka, Voyager 1, kile chombo cha anga cha Wamarekani, si ilishatoka kwenye mfumo wa Jua?
– Ilitoka kwenye upepo wa Jua, yaani chembe ambazo Jua huzipuliza, mwaka 2012. Imeruka tangu 1977, na kwa kipimo chetu haijamaliza kilomita 2. Inaongeza mita 36 kwa mwaka.

– Na mwanga?
– Sentimita 2 kwa sekunde. Sisimizi mwenye haraka anaupita.

– Tunaweza kufanya huku Tabora, chini ya miembe?
– Karibuni. Ila mwacheni mtu alinde Jua. Letu mbuzi alilila tukiwa Zohali.