Viungo vya Cajun vya nyumbani, kwa vitu vya masoko ya Arusha na Moshi

Mchanganyiko wa Cajun huharibikia sehemu mbili. Ya kwanza ni maji yaliyobaki ndani ya kitunguu na kitunguu saumu. Ya pili ni paprika (unga wa pilipili nyekundu zisizo kali) iliyoachwa na nafasi yake kujazwa pilipili kali. Ukizidhibiti hizo, kilichobaki ni kupima vijiko.

Cajun ni chakula cha wazao wa Waakadia, watu wenye asili ya Ufaransa ambao Waingereza walianza kuwafukuza mwaka 1755 kutoka eneo la mashariki mwa Kanada ya leo. Baadhi yao waliishia Louisiana, Marekani. Mpishi Paul Prudhomme, aliyefungua mgahawa wa K-Paul's mjini New Orleans mwaka 1979, ndiye aliyelitangaza sana jina hili kwa samaki wake wa kuunguzwa kwenye kikaango cha chuma. Alipenda pia kutia pilipili za aina tatu kwa pamoja, nyekundu, nyeusi na nyeupe, na kipimo cha hapa kinafuata mtindo huo.

Kipimo cha chupa moja ndogo, gramu 80 hivi, ni hiki. Vijiko vyote ni vya kusawazishwa kwa kisu, si vya kujaza mlima:

Paprika, vijiko vya chakula 4 (gramu 28)
Unga wa kitunguu saumu, vijiko vya chakula 2 (gramu 19)
Unga wa kitunguu maji, vijiko vya chakula 2 (gramu 14)
Pilipili manga nyeusi iliyosagwa, kijiko cha chakula 1 (gramu 7)
Pilipili kali ya unga, vijiko vya chai 2 (gramu 4)
Pilipili manga nyeupe, kijiko cha chai 1 (gramu 2 na nusu)
Oregano kavu, kijiko cha chakula 1 (gramu 3)
Thaimu kavu, kijiko cha chakula 1 (gramu 3)

Chumvi haimo kwa makusudi. Chupa yenye chumvi huwezi kuitumia kwenye mchuzi uliotiwa kidonge cha supu, wala kwenye samaki mkavu. Pia utashindwa kuongeza viungo bila kuongeza chumvi. Ukitaka kugawa chupa kwa watu wasiopenda kupima, tia vijiko vya chakula 2 vya chumvi laini kavu (gramu 36) na uandike hivyo kwenye karatasi ya chupa.

Bizari nyembamba, tangawizi na mdalasini havimo pia. Vikiingia utapata kitu kizuri, lakini harufu itakuwa ya pilau.

Paprika

Paprika ni unga wa pilipili nyekundu zisizo kali au zenye ukali mdogo, na katika kipimo hiki ndiyo theluthi ya uzito wote. Inaleta rangi, utamu na mwili. Wanaoikosa huongeza pilipili kali ili rangi ifike, kisha chakula hakiliki. Supamaketi kubwa za Arusha na Moshi huwa nayo. Angalia unga uwe mwekundu uliokolea. Ulioelekea udongo au hudhurungi umezeeka.

Ukiamua kutengeneza mwenyewe, chukua hoho nyekundu zilizoiva kabisa. Zenye madoa ya kijani hazifai, zinatoa unga wa rangi ya chai. Kilo moja ikishatolewa mbegu na kikonyo, kisha kukaushwa, hutoa gramu 60 au 70 tu, kwa hiyo piga hesabu ya bei kabla ya kuanza. Kata vipande vyembamba na uvikaushe kivulini penye upepo, au juani chini ya kitambaa cheusi chepesi. Jua la moja kwa moja hula rangi nyekundu, na ukiziacha humo siku tatu utabaki na unga wa rangi ya machungwa uliopauka.

Paprika ya moshi nayo inafaa, lakini isizidi vijiko 2 kati ya vile 4. Ikizidi, moshi unafunika thaimu na saumu, na kuku wa oveni ananukia kama aliyesahauliwa jikoni.

Kuijua paprika nzuri ni rahisi: tia chembe kidogo kwenye mafuta ya vuguvugu. Rangi yake huyeyuka kwenye mafuta, kwa hiyo mafuta yatageuka mekundu. Chembe nyingine tia kwenye maji baridi. Maji yakibadilika papo hapo kuwa mekundu makali, shuku kwamba imetiwa rangi. Jaribio hili hili lifanye kwa pilipili ya unga ya kupimiwa sokoni.

Kitunguu na kitunguu saumu

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo kanda hii ina bahati. Vitunguu vyekundu vya Mang'ola na saumu za Mbulu hufika kwa wingi masoko ya Kilombero (Arusha) na Mbuyuni (Moshi), na unga wa nyumbani unashinda kwa mbali ule wa pakiti uliokaa dukani.

Nusu kilo ya kitunguu kilichomenywa hutoa takriban gramu 50 za unga. Robo kilo ya saumu iliyomenywa hutoa gramu 90 hivi, kwa sababu saumu ina maji machache zaidi. Kiasi hicho kinatosha chupa tatu za mchanganyiko, na saumu itabaki.

Kata vyote viwe na unene wa milimita 3, na ujitahidi viwe sawa. Unene ukitofautiana, vipande vyembamba vitaungua huku vinene vikiwa bado na maji katikati. Tandaza tabaka moja kwenye trei yenye karatasi ya kuokea, kitunguu trei yake na saumu trei yake.

Kwenye oveni, lenga nyuzi 60 hadi 65 za Selsiasi kwa saa 6 hadi 10. Oveni nyingi za gesi hazishuki hapo. Weka moto wa chini kabisa, zuia mlango kwa mwiko ubaki wazi kama vidole viwili, na geuza vipande kila saa. Mlango wazi unasaidia zaidi ya kupunguza joto, kwani mvuke ukikosa pa kutokea vipande vinapikika badala ya kukauka. Saumu ikigeuka hudhurungi itoe. Uchungu wake hautoki, na utauonja kwenye kila chakula hadi chupa iishe.

Juani, tumia ungo au wavu ulioinuliwa kutoka chini, funika kwa chandarua, na ingiza ndani kila jioni kabla umande haujaanguka. Januari, Februari na Septemba hadi Oktoba siku tatu au nne zinatosha. Masika ya Machi hadi Mei usijaribu. Juni na Julai Arusha huwa na mawingu na baridi, na kitunguu kinaweza kuota ukungu kabla hakijakauka. Moshi, iliyo chini zaidi na yenye joto, inakuwa na nafuu. Chenye ukungu tupa chote, usichague vipande.

Kipande kilichokauka huvunjika na kutoa mlio. Kikipinda, rudisha. Kisha acha vyote vipoe kabisa, dakika 30 au zaidi, kabla ya kusaga, la sivyo joto litatoa unyevu ndani ya blenda na unga utashikana ukutani. Saga kwa kubonyeza na kuachia, sekunde tano tano. Saumu ina sukari nyingi na hunata ikipata joto. Chekecha, rudisha makapi, saga tena. Kinu kinafaa pia, ila tia kijiko kimoja kimoja, na kisiwe kile kilichotwangia karanga.

Pilipili

Kipimo cha vijiko 2 vya chai kinahusu pilipili nyekundu ndefu ya aina ya cayenne, yenye ukali wa takriban 30,000 hadi 50,000 kwa kipimo cha Scoville. Pilipili kichaa hufika 50,000 hadi 100,000, kwa hiyo tia kijiko 1 cha chai. Pilipili mbuzi ni ya ukoo wa habanero, 100,000 na kuendelea hadi 350,000. Ina harufu ya matunda isiyo ya Cajun, na afadhali iachwe kwa kachumbari.

Ukikausha pilipili mwenyewe, ukali mwingi uko kwenye utando mweupe wa ndani unaoshika mbegu. Ukwangue kama unataka upole. Vaa glavu. Ukimaliza kusaga, acha blenda imefungwa dakika 5 vumbi litulie, halafu fungua ukiwa umegeuza uso. Mkono unaowaka paka mafuta ya kula kwanza, kisha osha kwa sabuni, maana maji matupu hayayeyushi ukali wa pilipili.

Pilipili manga nunua nzima, ya Tanga au ya Zanzibar, na uisage siku ile ile. Iliyosagwa zamani inabaki na ukali ila harufu imekwisha. Punje zake ni za mviringo na zenye mikunjo. Ukiona nyingi zimechongoka kama yai, huenda kuna mbegu za papai ndani. Nyeupe ikikosekana, ongeza nusu kijiko cha chai cha nyeusi na uendelee.

Majani

Oregano na thaimu mbichi hustawi vizuri kwenye bustani za miinuko ya Meru na Kilimanjaro. Funga vishada vidogo, tundika kivulini wiki moja hadi mbili, kisha pukuchua majani na uache vijiti. Usiyasage kuwa vumbi, yasugue tu kwa viganja. Majani yaliyosagwa laini huufanya mchanganyiko uwe wa rangi ya matope na kuleta ladha ya nyasi kavu.

Kuchanganya

Chekecha unga wote pamoja kwenye bakuli kavu, paprika ikitangulia kwa kuwa ndiyo nyingi, koroga kwa mchapo dakika moja, kisha ingiza majani mwishoni bila kuyachekecha. Fungia kwenye chupa na uiache siku mbili. Ukiionja mapema saumu itakuwa imetawala.

Usionje kwa kulamba kidole, unga mkavu unadanganya. Pasha kijiko kimoja cha chakula cha mafuta, tia nusu kijiko cha chai cha viungo na chembe ya chumvi, chovya kiazi cha kuchemsha. Ikiwa kali mno, tengeneza nusu ya kipimo bila pilipili kali na uchanganye. Sukari haiondoi ukali, na kikaangoni itaungua. Ikiwa imepooza, kwa kawaida kinachokosekana ni chumvi au thaimu, na wengi hukosea hapo kwa kuongeza pilipili.

Kwenye chakula

Kuku kilo moja: vijiko vya chakula 2 vya viungo, kijiko cha chai 1 na nusu cha chumvi, vijiko 2 vya mafuta. Sugua hadi chini ya ngozi, acha saa 2 au usiku kucha kwenye friji. Viazi vya chipsi nusu kilo, kijiko cha chai 1 na nusu, vikitoka tu kwenye mafuta. Vikipoa unga haushiki.

Samaki wa kuunguzwa anataka minofu yenye unene wa sentimita 1 na nusu hadi 2. Sangara anafaa kuliko sato kwa sababu hameguki haraka, na perege wa Nyumba ya Mungu ni mdogo mno kwa kazi hii, mkaange mzima. Fungua madirisha yote au peleka jiko nje, kwani moshi wa pilipili utakohoza nyumba nzima. Pasha kikaango cha chuma kikavu dakika 5 hadi 8 kwenye moto mkali. Mkaushe samaki, mchovye kwenye siagi iliyoyeyushwa, mpake viungo na chumvi pande zote, mweke kikaangoni, na usimguse kwa dakika 2 hadi 3. Geuza mara moja, dakika 2 nyingine. Weusi unatoka kwenye viungo na chembe za maziwa zilizo ndani ya siagi, na ladha yake iwe ya kukaangwa. Ikiwa ni uchungu wa mkaa, moto ulizidi muda.

Kikaango chenye plastiki laini ya kuzuia kunata hakifai kwa joto hilo.

Kwa mbuzi choma mambo ni kinyume. Paprika na saumu haziwezi kukaa juu ya mkaa dakika 40. Choma kwa chumvi peke yake, kisha paka viungo vilivyolowekwa kwenye mafuta dakika 10 za mwisho, nyama ikiwa mbali na ndimi za moto.

Kwenye wali wa mtindo wa jambalaya, pishi la Louisiana, kaanga kwanza kitunguu, hoho na selari, kisha tia viungo kwenye mafuta yale kwa nusu dakika kabla ya nyanya na maji. Kikombe kimoja cha mchele kinatosheka na vijiko 2 vya chai.

Kutunza

Chupa ya kioo yenye mfuniko wa kukaza, kabatini, mbali na jiko. Ladha inakaa vizuri miezi 6. Usimwage viungo juu ya sufuria inayotoa mvuke, chota kwa kijiko kikavu. Unga ulioganda ila bado unanukia vizuri utandaze kwenye trei, uweke oveni ya moto mdogo dakika 10, upoe, uchekeche. Wenye harufu ya uvundo haukaushiki tena.

Paprika na pilipili hupendwa na vidudu vidogo vya hudhurungi, na mayai yake huweza kuja na bidhaa kutoka sokoni. Kabla ya kuchanganya, fungia unga wa kununua kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri siku 4 hadi 7, kisha uuache ufikie joto la chumba ukiwa bado umefungwa. Ukifungua ungali baridi, umande utaingia.