Kabla Hujanunua Hei, Anzia Zizini

Hei, yaani nyasi zilizokaushwa za kulisha mifugo, ikipanda bei, wengi wetu hukimbilia kutafuta muuzaji wa bei nafuu. Anzia zizini kwanza. Ng'ombe hula kwa siku chakula kikavu, yaani bila kuhesabu maji yaliyomo, cha takriban asilimia 2 hadi 3 ya uzito wake. Mwenye kilo 400, ukimpigia asilimia 2.5, anahitaji kilo 10. Na kwa kuwa hei nayo ina unyevu kidogo, utampa kilo 11 na ushee. Siku 120 bila malisho, huyo mmoja amekwisha kula zaidi ya kilo 1,300. Zidisha kwa kundi zima.

Jumla hiyo ikikushtua, punguza kundi kabla ya kununua. Mwite mtaalamu wa mifugo apime mimba. Asiyeshika mimba, aliyeishiwa meno na anayepoteza ndama kila mara watakula sawa na wenzao bila kurudisha kitu. Najua inauma kumuuza ng'ombe uliyemlea tangu akiwa ndama, lakini muuze angali na nyama, soko halijafurika mifugo ya wenye shida kama yako.

Usinunue kwa kuhesabu marobota. Yapime mizani machache, ujue kilo moja inakugharimu kiasi gani pamoja na usafiri. Fungua robota moja utazame ndani: majani ni mengi au ni vijiti vitupu? Lina harufu ya ukungu? Hei iliyofungwa na unyevu unaozidi asilimia 20 huchemka yenyewe, huota kuvu, na hata huweza kuwaka moto ghalani. Tena, nyasi zenye protini chini ya asilimia 7 hazimeng'enywi vizuri tumboni, hivyo urahisi wake utaulipia kwenye mashudu ya kuongeza protini.

Hasara kubwa, kwa maoni yangu, hutokea baada ya kununua. Chukua robota la mviringo lenye kipenyo cha mita 1.5. Mvua ikiozesha sentimita 15 tu za nje, zaidi ya theluthi moja ya robota imepotea, na fedha yake umeshalipa! Kwa hiyo andaa ghala au turubai mapema, na uinue marobota kwa magogo yasiguse udongo. Tengeneza na vihori. Hei ikimwagwa chini hukanyagwa na kukojolewa, na ng'ombe haigusi tena.

Panga pia nani ale nini. Ile bora wape wenye mimba kubwa, wanaonyonyesha na mitamba inayokua. Waliokauka maziwa na hawana mimba kubwa wanavumilia ya kawaida.

Mwisho, weka gharama ya hei ya ng'ombe mmoja kando ya bei unayotarajia kumuuzia ndama wake, kisha ongeza dawa, chumvi na ujira. Ikiwa hei peke yake inakaribia bei ya ndama, rudi zizini ukapunguze tena kabla hujatoa malipo ya awali.