Mkonga Unao, Ekseli Je? Kufungua Nako na Kuinua Briza za Land Cruiser ya Zamani

Land Cruiser ikishafungwa bomba la hewa pembeni mwa kioo, watu huiita mkonga, na mwenyewe huanza kuvuka mito kama mamba. Bomba lile linaisaidia injini peke yake. Difu la mbele na difu la nyuma, yaani makasha ya gia katikati ya ekseli, kila moja lina pua yake, kijidude cha chuma kinachoitwa briza, na katika gari nyingi za zamani pua hiyo imekaa palepale juu ya ekseli. Maji yakipita kidogo katikati ya tairi, pua imeshazama.

Fikiria gari lililoshuka kona 57 kutoka Matamba kwenda Chimala, kusini mwa Tanzania, au lililopanda kwa gia nzito kutoka Isyonje hadi Kitulo, kwenye mita 2,600 hivi. Difu na habu, vitovu vya magurudumu, zimepata moto, hewa ya ndani imetanuka na kutoka kupitia briza. Sasa gari linaingia kwenye kijito cha maji ya baridi ya milimani. Ekseli inapoa ghafla na hewa ya ndani inasinyaa. Briza ya kiwandani ni kijivali cha kutoa hewa, kuingiza si kazi yake, kwa hiyo ekseli inavuta pumzi popote inapopata upenyo, yaani kwenye sili. Sili ilitengenezwa kuzuia mafuta yasitoke. Maji yakivutwa kutoka nje inayapisha.

Kuna na upande wa pili. Briza ikizibwa na tope la Rungwe au vumbi la barabara ya Chunya, hewa ya moto haina pa kutokea. Presha inayasukuma mafuta ya difu yapite sili ya ndani na kuingia kwenye nako, lile bonge la chuma nyuma ya gurudumu la mbele ambamo sivi jointi, kiungo cha shafti kinachojipinda gurudumu likikata kona, inazunguka. Humo kunatakiwa grisi nzito. Mafuta yakiingia grisi inakuwa supu, supu inavuja kupitia sili ya nje na kuishia kwenye tairi na diski ya breki. Mwenye gari anabadilisha sili, baada ya miezi mitatu inavuja tena, lawama zinamwendea muuza spea. Kosa liko kwenye briza ambayo hakuna aliyeigusa.

Maelezo haya ni ya Land Cruiser za nati 6 kwenye gurudumu zenye ekseli nzima mbele: HZJ75 na ndugu zake wa familia ya 70 waliotoka kabla ya 1999, pamoja na familia ya 80. Za nati 5 zilizofuata mpangilio wake unafanana, ila spea na vipimo vitafute vyake.

Kupima kabla ya kununua kitu

Juu ya kila nako kuna pulagi ndogo ya kutilia grisi. Ifungue, ingiza bisibisi ndefu, itoe uangalie. Ikitoka na grisi nyeusi iliyoganda, nako ni nzima. Supu nyembamba yenye harufu kali ya mafuta ya difu maana yake sili ya ndani imekufa. Rangi ya chai ya maziwa ni maji, na hapo usisubiri wiki ijayo. Unyevu kidogo wa grisi kwenye ule mpira wa chuma unaong'aa nyuma ya nako ni jambo la kawaida, usikutishe.

Halafu inua tairi moja ya mbele, ishike juu na chini uitikise. Ikicheza, mwambie mwenzako akanyage breki, utikise tena. Mchezo ukiisha, beringi za habu zimelegea. Ukibaki, tatizo ni beringi za kingipini, zile nako inazogeukia. Mwisho, weka fowili, yaani magurudumu yote manne yavute, kwenye ardhi laini, kata usukani hadi mwisho, uende taratibu. Mlio wa ka-ka-ka-ka ni wa sivi jointi iliyolika.

Vya kuwa navyo

Kwa pande zote mbili: sili za ndani 2, seti 2 za sili za nje ya nako (kila seti ina mpira, felti na bati lake), sili za habu 2, beringi za habu 4, beringi za kingipini 4, gasketi 2 za spindo (mhimili mtupu ambao habu inazungukia), gasketi za friwili (kifaa kinachounga habu na shafti), loki washa 2 za habu na klipu 2 za mwisho wa shafti. Grisi ya moli, ile nyeusi, kilo 1 kwa ajili ya nako, na nusu kilo ya grisi ya lithiamu namba 2 kwa beringi. Mafuta ya difu ya GL-5, 80W-90, lita 4 yatatosha difu la mbele na yatabaki. Ukienda Mwanjelwa, Mbeya, kutafuta spea, beba sili na beringi za zamani mkononi. Namba ya beringi imechongwa pembeni mwake, nayo haibishani na mtu.

Soketi ya milimita 54 ni ya lazima. Wengi hufungua nati ya habu kwa tindo na nyundo. Inafunguka, ni kweli, lakini pembe za nati zinaharibika, vipande vya chuma vinadondokea kwenye beringi, na siku ya kufunga huna namna ya kupima mkazo. Tafuta pia mzani wa kuning'iniza kama wa wauza nyama. Matumizi yake utayaona.

Kufungua

Gari likae mahali tambarare, magurudumu ya nyuma yawekewe vigingi, ekseli ikae juu ya stendi mbili za chuma. Jeki peke yake si stendi, na tofali la kuchoma si stendi kabisa. Kabla ya kumwaga mafuta ya difu, fungua kwanza pulagi ya kujazia. Ikikataa baada ya wewe kushamwaga, umebaki na gari lisiloweza hata kwenda kwa mchomeleaji.

Toa tairi, kisha fungua bolti mbili za kalipa ya breki. Ifunge kwa waya kwenye springi, isining'inie kwa hosi yake. Ondoa kofia ya friwili, toa klipu iliyoko mwisho wa shafti, kisha legeza nati 6 za mwili wa friwili. Kila nati inakaa juu ya washa ya koni iliyong'ang'ania. Acha nati zikiwa zimeshika nyuzi chache, gonga mwili wa friwili pembeni kwa nyundo ya shaba, koni zitaruka zenyewe. Kuzichokonoa kwa bisibisi ni kuzivunja.

Nyoosha masikio ya loki washa, toa nati ya nje, washa, nati ya ndani, halafu vuta habu pamoja na diski yake. Spindo imeshikwa kwa bolti 8. Ikigoma, igonge taratibu huku na huku. Ili shafti itoke, zungusha sivi jointi mpaka upande wake uliokatwa bapa utazame juu. Ukivuta ovyo itakwama kwenye mdomo wa nako.

Kingipini zina kofia ya juu na ya chini, kila moja nati 4. Chini ya kofia utakuta shimu, vibati vyembamba vinavyoweka nako katikati ya ekseli. Za juu zifunge na kofia ya juu, za chini na ya chini, kwa waya, hapohapo. Zikichanganyika shafti haitapita katikati ya sili ya ndani, na sili mpya italika upande mmoja.

Angalia bakuli la beringi ya kingipini. Ukiona vishimo vilivyojipanga kama alama za meno, umepata chanzo cha usukani kutetemeka ukifika kilomita 60 kwa saa.

Usafi na kufunga

Hapa ndipo muda unapokwenda. Osha kila kitu kwa mafuta ya taa au dizeli, kausha kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Grisi ya zamani isibaki hata kidogo, maana grisi mbili za asili tofauti zikikutana zinaweza kuyeyuka na kuwa uji. Beringi iliyooshwa usiizungushe kwa upepo wa kompresa. Ikikosa mafuta inajikwaruza.

Kama sivi jointi zilikuwa zinalia kidogo tu, zitenganishe na shafti zake kwa kugonga, kisha ya kulia iende kushoto na ya kushoto kulia. Shafti za ndani hazilingani urefu, hizo zibaki upande wake. Jointi hulika zaidi upande wa kwenda mbele, kwa hiyo kuzibadilishana kunazipa uso ambao haujachoka. Zilizopasuka hazina dawa hiyo.

Sili ya ndani ipakwe grisi mdomoni, igongwe kwa kipande cha bomba kinachoenea ukingo wake wote, mpaka ikae sawa na chuma. Unaporudisha shafti, ibebe kwa mkono mwingine isiburuze meno yake juu ya mdomo wa sili. Kosa hilo la sekunde mbili ndilo linaloua sili nyingi kuliko mto wowote. Kofia za kingipini kaza kwa nyutonimita 96. Kabla ya kurudisha tairodi, ile fimbo ya usukani iliyotenganishwa na nako, ning'iniza mzani kwenye tundu lake uvute nako. Ianze kusogea kati ya kilo 3 na 6. Ikiwa nyepesi kuliko hapo punguza shimu, ikiwa nzito ongeza.

Jaza moli ndani ya nako kama robo tatu, na ndani ya sivi jointi kwenyewe, ukiisukuma kwa kidole mpaka itokeze upande wa pili. Kijibushi cha shaba ndani ya spindo nacho kipakwe. Mara nyingi husahaulika. Beringi za habu sukumia grisi kwa kiganja, upande ule mpana, mpaka itokee juu.

Nati ya ndani ya habu: kaza nyutonimita 59 huku ukizungusha habu pande zote mbili ili beringi zikae, ilegeze mpaka igeuke kwa mkono, halafu kaza kidogokidogo ukipima kwa mzani ulioshikwa kwenye bolti ya tairi. Habu ianze kuzunguka kwa kilo 2.8 hadi 5.7. Weka loki washa, kaza nati ya nje nyutonimita 64, pima tena, kwa sababu nati ya nje huongeza mkazo. Kipimo kikiwa sawa, kunja sikio moja la washa kwenda ndani na lingine nje.

Huna toki renchi, spana ya kupima mkazo? Mzani uleule unafaa. Chukua mpini wa sentimita 50, vuta mwisho wake kwa pembe mraba: kilo 12 ni takriban nyutonimita 59, kilo 13 ni 64, kilo 20 hivi ni 96. Bolti za spindo zikazwe nyutonimita 47, nati za mwili wa friwili 31, bolti za kalipa 123. Pedi zilizolowa mafuta tupa. Kuziosha kwa petroli kunasafisha uso tu, breki ikipata moto mafuta yanarudi juu, na mteremko wa Kitonga si mahali pa kuligundua hilo.

Kuinua pua

Baada ya kazi yote hiyo, briza ni kazi ya saa mbili tu. Fungua ile ya zamani uende nayo dukani kulinganisha uzi na nipeli ya hosi. Nunua hosi ya mafuta yenye tundu la milimita 8, mita 6 hadi 8 kwa mbele na nyuma kulingana na urefu wa gari. Kabla ya kukata, ekseli ining'inie hewani, springi zikiwa zimenyooka, halafu uongeze sentimita 15. Hosi iliyopimwa gari likiwa limekaa chini itang'oka kwenye shimo la kwanza la barabara ya Makete.

Ya mbele ipande hadi chini ya boneti, karibu na ukuta wa kabini. Ya nyuma ifuate chesisi, mbali na bomba la moshi, ikaungane nayo huko kwa kiungo cha T. Isiwe na mahali inapobonyea, kwani maji yatakaa hapo na kuiziba. Mwisho wake chomeka filta ndogo ya petroli ya pikipiki, iko wazi kwa hewa na inazuia vumbi. Gia boksi na transfa (gia boksi ya fowili) kagua pia, baadhi ya gari zina hosi fupi tayari, inahitaji kurefushwa tu.

Jaza difu mpaka mafuta yaanze kudondoka kwenye tundu la kujazia. Endesha kilomita 20, shika habu zote mbili: vuguvugu ni sawa, isiyoshikika ina beringi iliyokazwa kupita kiasi. Baada ya kilomita 100 inua tairi, tikisa tena. Nako za gari linalokwenda lami hudumu kama kilomita 40,000. Linalovuka mito mvua za Novemba hadi Aprili lifunguliwe kila kiangazi.

Na kama maji yameshaingia kwenye difu, usiyamwage mara moja ukaridhika. Mwaga, jaza mafuta mapya ya bei nafuu ya daraja lilelile, tembea kilomita 10 hivi yapate moto, mwaga tena yakiwa bado ya moto, ndipo utie yale mazuri. Ya mara ya kwanza karibu daima hubaki na weupe.