Ukisimulia ushujaa, tafuta pale alipoweza kuacha

Nikiwasaidia vijana kuandika habari za watu jasiri, huwaambia kwanza watafute mahali ambapo mhusika angeacha na asilaumiwe na mtu. Ukweli wake uko hapo.

Chukua marathoni ya Olimpiki ya Mexico City, 1968. John Stephen Akhwari wa Tanzania alianguka njiani, akaumia vibaya goti. Wenzake kadhaa walishajitoa. Yeye alifungwa bendeji, akaendelea akichechemea, na kufika uwanjani giza limeingia, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Alikuwa wa mwisho kati ya 57 waliomaliza.

Basi usianzie utotoni kwake, wala usirundike sifa. Anzia pale chini barabarani. Andika goti, bendeji inayoning'inia mguuni, na hatua ya kwanza baada ya kuinuka. Hiyo ipe aya nzima, tena bila haraka. Medali za wengine zitoshe sentensi moja.

Kama mhusika wako yu hai, muulize: ungeacha pale, ungepoteza nini? Akijibu upesi mno, nyamaza kidogo. Mara nyingi ataongeza jambo, na hilo ndilo la kuandika.