Umefungua websaiti ya keki zako za nyumbani, sasa watu utawatoa wapi?

Hii naiandika kwa wale wanaooka nyumbani, oveni ipo jikoni, oda zinaingia kwa WhatsApp, afu kuna mtu kawatengenezea websaiti, labda mpwa au fundi waliyemkuta Insta, na tangu iwekwe hewani haijaleta hata mteja mmoja. Nitatolea mifano Dar maana ndo naijua, ila aliyeko Mwanza au Arusha abadilishe tu majina ya mitaa. Na kama unauza batiki au achari badala ya keki soma tu, mengi yanafanana.

Msimamo wangu nauweka mapema: websaiti nyingi mpya hazina watu kwa sababu hazijibu swali la mtu yeyote. Unaingia unakuta "Karibu upate huduma bora na za kisasa", picha tano, afu chini "kwa bei wasiliana nasi". Sasa hapo mtu kaondoka na nini? Wakati huohuo mwenye biashara huyohuyo kila siku anaandika majibu mazuri kabisa WhatsApp, marefu, yenye bei na maelezo, kwa mtu mmoja mmoja, afu yanapotelea humo kwenye chati. Kazi yako kubwa ni kuyatoa yale majibu kule na kuyaweka mahali ambapo mtu asiyekujua anaweza kuyakuta.

Kabla ya yote lakini, hakikisha Google inaiona websaiti yenyewe. Fungua Google, andika site: afu bila nafasi uunganishe jina la websaiti yako, mfano site:kekizangu.co.tz, tafuta. Zikija kurasa zako safi. Isipokuja hata moja basi haijaingizwa bado, na kama umetumia WordPress, ile programu ya kutengenezea websaiti, nenda Settings, afu Reading, kuna kiboksi cha kuzuia mitambo ya kutafuta isiorodheshe websaiti. Mafundi wengi wanakitiki wakati wanajenga, afu wanakabidhi kazi na kukisahau. Hiyo ni kufungua duka huku shata imeshushwa. Toa tiki, sevu.

Baada ya hapo jiunge na Google Search Console, huduma ya Google inayokuonyesha websaiti yako inavyotokea kwenye utafutaji, ni bure. Itakuomba uthibitishe kwamba websaiti ni yako, hapo kama hujui mambo ya domeini, yaani lile jina la websaiti, mwambie aliyekutengenezea, ni kazi fupi, na usikubali aiunganishe na imeli yake yeye, iwe yako, maana siku mkikosana utabaki unamtafuta. Ndani kuna sehemu ya kuweka sitemap, ambayo ni orodha ya kurasa zako zote, WordPress inaitengeneza yenyewe tangu toleo la 5.5 la mwaka 2020 na inakaa kwenye wp-sitemap.xml. Weka, subiri. Inaweza kuchukua siku kadhaa, inaweza kuchukua wiki, kwahiyo usikae unarefreshi kila saa.

Sasa tuje kwenye maswali, na hapa usikimbie.

Chukua simu, fungua chati za wateja wa miezi michache iliyopita, soma walichouliza kwa maneno yao wenyewe. Utakuta yanajirudia vibaya mno. Keki ya kilo mbili inatosha watu wangapi? Kilo moja bei gani? Mnaleta Kimara? Nikitaka ya Jumamosi niweke oda lini? Naweza lipa nusu kwanza? Keki ya fondanti na ya krimu zinatofautianaje bei? Inakaa siku ngapi bila friji, maana tunasafiri nayo Morogoro? Kila swali kati ya hayo ni ukurasa wake. Andika swali lenyewe kama kichwa cha ukurasa, jibu lianze sentensi ya kwanza kabisa, maelezo yafuate na picha ya kitu chenyewe. Ukiandika kuhusu kilo mbili, piga picha keki ya kilo mbili imekatwa vipande imepangwa kwenye sahani mtu aone mwenyewe. Usiweke picha za Pinterest jamani. Mteja akishaona keki ile ile kwenye kurasa tatu za watu tofauti anajua wote mnadanganya.

Afu bei. Najua kuna watu wataniambia bei ukiweka wazi washindani wataiona. Wataiona, sawa, na kwani sahivi hawawezi kukutumia meseji wakajifanya wateja? Mtu anayetafuta usiku akiwa kitandani anapanga sendofu ya mdogo wake, anachotaka ni kujua bajeti yake inaingia au haiingii. Akikuta "bei njoo DM" anahamia kwa mwingine, na wale wachache watakaokuja DM nusu yao utakuwa unawaandikia bei tu wanasema "sawa asante" wanapotea. Weka bei ya kuanzia kwa kilo, sema nini kinaipandisha, kama ghorofa za keki au maua ya sukari au kazi ya mkono, na tarehe ya mwisho ulipobadilisha bei. Hiyo tarehe inasaidia sana unga na siagi vikipanda.

Kuhusu lugha, watu wa Dar wanatafuta kwa mchanganyiko. Mmoja ataandika "keki za birthday Sinza", mwingine "cake ya harusi bei", mwingine kabisa "wedding cake Dar es Salaam". Wewe tumia maneno yote hayo kwa kawaida ndani ya maelezo, usiyarundike chini ya ukurasa kama orodha ya mashahidi. Njia rahisi ya kujua watu wanaandikaje ni kuanza kuandika "keki ya" kwenye Google na kuangalia inakumalizia na nini. Mitaa nayo itaje, ila kwa ukweli: ukurasa mmoja wa dilivari unaoeleza Tabata, Mbezi, Kigamboni, nani analipa boda, keki ya ghorofa tatu inakwendaje, unatosha. Kuna mafundi watakwambia mtengeneze kurasa arobaini zinazofanana kila moja imebadilishwa jina la mtaa tu, Google wanauhesabu huo kuwa ni utapeli na kurasa zinaweza kushushwa au kutolewa kabisa.

Picha. Picha ya simu ya siku hizi inaweza kuwa na MB 4. Weka ishirini kwenye ukurasa mmoja, hizo ni MB 80, mteja wako ana bando la kujipimia, ukurasa hata haujafunguka ameshatoka. Zipunguze kabla hujapandisha, chini ya KB 200 kila moja inawezekana kabisa na keki bado inaonekana inavutia. Afu faili usiliache linaitwa IMG_2034, liite keki-ya-kicheni-pati-kilo-3, maana Google inasoma pia majina ya picha. Ukimaliza jifungulie websaiti yako mwenyewe kwa data, sio kwa waifai, na uifungulie kutokea ndani ya Instagram, kwasababu wateja wengi watakuja kupitia pale na kuna websaiti zinavurugika humo wakati kwenye Chrome ziko sawa.

Kitu ambacho watu wa nyumbani wanakiogopa bure ni ile profaili ya biashara ya Google, Google Business Profile, ile inayomfanya mtu aonekane kwenye ramani. Wanasema sitaki watu waje kugonga geti. Huna haja ya kuonyesha nyumba. Unaficha anwani, unachagua maeneo unayohudumia, mwisho maeneo 20, basi. Masharti yake ni kwamba uwe unakutana na wateja ana kwa ana, na kupeleka keki mwenyewe au kwa mtu wako kunahesabika, ila anayeuza mtandaoni tu bila kukutana na mteja hairuhusiwi. Kuthibitisha mara nyingi wanaomba video, unarekodi vifaa vyako na sehemu unayofanyia kazi, kwahiyo safisha jiko kwanza. Maoni ya wateja ombeni, ruhusa ipo, ila kumpa mtu punguzo ili aandike nyota tano ni kinyume na sheria zao.

WhatsApp ndo itakayokuletea watu wa mwanzo, Google itachelewa. Badala ya kubandika linki ya websaiti nzima kila siku kwenye stetasi na maneno "tembelea websaiti yetu", weka picha moja, swali moja na linki ya ukurasa wa swali hilo. Stetasi inakaa saa 24 kwahiyo kesho unaweka swali lingine. Mtu akikuuliza bei jibu kifupi kabisa kwa mkono wako afu mpe linki ya maelezo kamili, usimjibu kwa linki tupu, watu wanaona dharau. Orodha za kutuma kwa pamoja, zile za broadcast, zinachukua watu 256 kwa orodha na ujumbe unamfikia tu aliyesevu namba yako, kwahiyo mwombe mteja akusevu siku anapochukua keki akiwa bado na furaha. Kwenye websaiti nako weka kitufe cha WhatsApp, linki yake ni wa.me/ ikifuatiwa na namba kuanzia 255, bila alama ya kujumlisha na bila ile sifuri ya mbele. Na angalia ukituma linki yako kile kiboksi kinachotokea kina picha ya keki, sio nembo ya fundi.

Magrupu ya kamati za harusi na kicheni pati ni dhahabu, na ndo mahali pa kuharibikia jina pia. Ukiingia na kumwaga matangazo utatolewa na aliyekuingiza ataaibika. Kaa kimya mpaka mwekahazina aulize keki ya watu 150 itakwenda kiasi gani, hapo weka hesabu, kilo ngapi na kwanini, na linki ya ukurasa wenye mchanganuo. Ile linki ataiforwadi mwenyewe kwa mwenyekiti, na mwenyekiti kwa mama wa bibi harusi.

Instagram linki ndani ya kepsheni haibonyezeki, inayobonyezeka ni ya kwenye bayo na stika ya linki kwenye stori, na hiyo stika tangu Oktoba 2021 ni ya kila mtu, sio lazima folowaz elfu kumi kama zamani. Tumia stori zaidi.

Watu ambao mko nao kwenye shughuli moja, mpambaji, mpiga picha, MC, mwenye ukumbi, wengi wana kurasa zao. Andika kwenye websaiti yako kazi mliyofanya pamoja, mtaje, weka linki yake, mtumie. Wengi watarudisha, na Google inazipa uzito linki za namna hiyo. Za kununua achana nazo. Picha za bibi harusi uliza ruhusa kwanza, ni ustaarabu na pia kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

Boksi la keki nalo lisiende tupu. Bethdei moja ina watu thelathini wamelizunguka, bandika stika yenye QR kodi inayofungua ukurasa wa bei, sio ukurasa wa mwanzo. Tahadhari moja: kuna websaiti za kutengeneza QR zinakupa ya majaribio, baada ya muda inakufa mpaka ulipie, na wewe umeshachapisha stika mia tano. Chukua ile ya kawaida isiyobadilika, kabla ya kuchapisha iskani kwa simu mbili tofauti.

Matangazo ya kulipia yaache mpaka kurasa zako tano sita za maswali ziwe tayari, maana utalipa mtu aje akutane na "huduma bora". Na hao wanaouza wageni elfu kumi kwa dola tano, ni roboti, hazili keki.

Baada ya miezi miwili mitatu rudi Search Console, sehemu ya Performance, angalia maneno ambayo websaiti yako ilitokea. Ukiona neno linatokea mara nyingi ila hakuna anayebonyeza, badilisha kichwa cha ukurasa kiseme wazi zaidi, weka bei humo humo kwenye kichwa ukiweza. Ukiona watu wanakuja kwa neno ambalo hukulitegemea, mfano keki isiyo na mayai, hilo ni oda linakuita, liandikie ukurasa wake. Na kila mteja mpya muulize "umetupatia wapi?" uandike kwenye daftari, maana anayeona linki kwa shangazi afu akapiga simu hakuna kompyuta itakayokwambia.

Misimu ipange mapema kwasababu Google haina haraka na wewe. Ukurasa wa keki za Krismasi uwe hewani Oktoba, wa Valentine mwanzoni mwa Januari, wa kipaimara ulizia parokia ya karibu ratiba yao. Anwani ya ukurasa usiweke mwaka, iite keki-za-krismasi basi, mwakani unabadilisha bei na picha humo humo bila kuanza upya.